Muulize Anko wa Muvi: Mabilioni yote hayo, mbona mapenzi hayashiki?

Haya wadau. Safari hii meseji karibu zote ni za muvi moja, Radhe Shyam ya Prabhas na Pooja Hegde, ile ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, iliyotoka 2022. Naona imerudi mtaani upya, kila laiblari unayopita unaikuta, na watu wamegawanyika kama Simba na Yanga. Nimechagua meseji chache, zingine nimezifupisha. Wale waliotuma matusi sijawajibu na sitawajibu.

Anko shikamoo. Mi na mume wangu muvi imetugombanisha, sio ugomvi ugomvi lakini chai ya asubuhi tumekunywa kila mtu na upande wake. Tumeangalia Radhe Shyam, mi nimelia mpaka mtoto akaja kuniuliza mama vipi, yeye anasema ni upuuzi mtupu, eti kalenda ya ukutani imetiwa muziki. Naomba utuamue nani yuko sahihi. – Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Mumeo ana hoja ila kaisema kwa dharau, ndo maana imekuuma.

Kwa ambaye hajaiona: Prabhas anaitwa Vikramaditya, kazi yake kusoma viganja, yuko Italia miaka ya 70. Kafikaje huko? Alimsoma mkono Indira Gandhi akamwambia utatangaza hali ya hatari, ikatangazwa kweli, jamaa ikabidi aondoke India. (Hali ya hatari ni historia kabisa, ilitangazwa Juni 1975, hiyo ya kiganja ndo muvi.) Huyu bwana hajawahi kukosea hata siku moja. Kwenye kiganja chake mwenyewe mstari wa mapenzi haupo, kwa hiyo wanawake kwake ni kupita tu, kukaa hakai. Anakutana na Prerana, daktari, huyo ndo Pooja, ana ugonjwa usiopona na anaujua. Jamaa anamshika mkono anamwambia wewe utaishi miaka na miaka. Sasa nani muongo, kiganja au hospitali? Ndo muvi yenyewe hiyo.

Ukiisimulia hivi mtu lazima akae chini asikilize, wazo ni kali sana na mi sitaki mtu aniambie waliotengeneza hawakuwa na stori. Walikuwa nayo.

Na macho yanashiba jamani. Kamera kashika Manoj Paramahamsa na yule bwana anajua kazi, mwanga wake, rangi za nguo, majengo ya zamani, theluji, kila ukisimamisha hapo unaweza kuweka kwenye skrini ya simu. Ila kitu ambacho mumeo kakipita ni kile kipande cha treni mwanzoni. Binti kajining'iniza nje ya mlango wa behewa, treni inakata milima, nywele zinaruka huku na huku, na anacheka. Mara ya kwanza unaona ni mbwembwe za muvi za Kihindi, mrembo anapigwa upepo, basi. Baadaye ukishajua anaumwa ndo unashtuka, kumbe yule ni mtu anayejua siku zake chache, kifo anakichokoza makusudi kwa sababu hana cha kupoteza. Hakuna aliyeelezea pale, hakuna sauti ya msimuliaji, picha imesema yenyewe. Muvi ingeendelea hivyo saa mbili nzima leo hii tusingekuwa tunabishana.

Tatizo wakianza kuongea. Yaani wanaongea kama watu wanaosoma kadi za Valentaini. Jiulize wewe uliyelia, umejua nini kuhusu Prerana ukiacha uzuri na ugonjwa? Anapenda kula nini, anamuogopa nani, kwa nini kachagua udaktari, mgonjwa gani alimfia akalala hajala? Na Vikramaditya je, ukimtoa kiganja na makoti anabaki nani? Hawagombani kwa kitu cha maana, hawachekeshani. Kila wakikaribia kupiga hatua moja ya kujuana, wimbo unaingia, wimbo ukiisha tayari wanapendana, sisi tulikuwa wapi?

Halafu kuna kosa kubwa zaidi, la kiuandishi kabisa. Umemtengeneza stelingi asiyekosea. Dakika ya kwanza tu umetuapia kwamba akisema kitu kinakuwa. Afu anamwambia binti utaishi. Sasa mi mtazamaji niogope nini? Wangemfanya akosee mara moja tu mapema, mtu mmoja aliyemwambia utapona akafa, pale kila akimshika Prerana mkono ungebana pumzi.

Kulia kwako hakuna shida mama, muziki wa nyuma unakusukuma na mtu mwenye moyo analia. Mwambie mumeo kalenda ni nusu ya pili, pale kwenye treni aombe radhi.

Oya anko niaje. Hivi hizo crore 300 wanazosema zimetumika kwenye Radhe Shyam ni shingapi za kwetu na zimeliwa wapi maana mi nimeona mapenzi tu na bahari ya kompyuta. Afu jamaa huyu huyu Prabhas kwenye muvi ya Baahubali alivuruga dunia nzima, hapa kimemkuta nini? – Mwana wa Mbagala

Poa mwana. Crore moja ni milioni 10, kwa hiyo crore 300 za rupia ni rupia bilioni 3. Mwaka 2022 rupia moja ilikuwa inachezea kwenye shilingi 30, piga hesabu unapata kama bilioni 90 za kwetu. Vyombo vya habari vya India vilikuwa vinataja kati ya 300 na 350, namba kamili wanaijua wenye muvi.

Zimeliwa wapi? Muda kwanza. Shutingi ilianza 2018. Mwanzoni mwa 2020 timu ikaenda Georgia, Korona hiyo ikaingia, wakarudi nyumbani wakakaa, baadaye mwaka huo huo wakaenda Italia, na vitu vingi ambavyo wewe unaona ni Ulaya vilijengwa Hyderabad, seti kubwa kubwa, kilichobaki wakamalizia na kompyuta. Halafu muvi yenyewe imeshutiwa kwa Kitelugu na Kihindi kwa pamoja, waigizaji wanasema mara mbili. Tarehe ya kutoka ilikuwa Januari 14, 2022, Korona ya Omicron ikaja, muvi ikasukumwa mpaka Machi 11. Kila siku inayosogea kuna mtu anadai mshahara.

Na unajua nini kilitoka Machi 25, wiki mbili tu mbele? RRR, ile muvi kubwa ya Kitelugu. Hapo hata ungekuwa na muvi nzuri ungetetemeka, kumbi zote zinataka ile, wewe na maua yako Italia nani atakukumbuka. Radhe Shyam ikahesabiwa kwenye muvi zilizokula hasara kubwa.

Ila hasara haikuletwa na RRR peke yake, tusidanganyane. Prabhas baada ya Baahubali 2 ya 2017, ambayo ilikuwa muvi ya kwanza ya India kuvuka crore 1,000, watu walishamzoea anabeba mtu mmoja mmoja anarusha. Wakaenda ukumbini wanasubiri ngumi. Hamna ngumi. Mi binafsi hilo nampa heko, staa wa ukubwa ule kukubali kushika mkono wa mtu na kutulia sio jambo dogo, wangapi wanathubutu?

Lakini pesa nyingi zinaleta woga, na hapa ndo penye kidonda cha muvi yote. Ukishaweka bilioni 90 huwezi kutengeneza muvi ya watu wa Andhra, kwao Watelugu, peke yao, lazima Mumbai waipende, lazima Chennai, lazima Dubai. Basi unaanza kufuta. Unafuta utani wa kwao, unafuta lafudhi, unafuta shangazi mbea, unafuta chakula, unafuta yule jirani anayechungulia dirishani. Mwisho unabaki na watu wawili wazuri wasiotoka popote. Nenda kaangalie muvi ndogo za Kitelugu za mapenzi uone, mvulana anampigia msichana simu huku mama yake anamtuma maji, baba yuko nje na gazeti, mapenzi yanapata shida kwa sababu yana nyumba, yana ukoo, yana mtaa. Hawa wa Italia nani anawazuia? Hakuna mtu. Hata Waitaliano wenyewe hawamo, wamo kama miti tu ya nyuma. Italia ya 1976 ilikuwa na migomo na vurugu za siasa kila siku, humu hata gazeti moja halipiti mtu akalisoma. Wangeshutia popote tu.

Anko mi fundi simu. Mteja kaniletea flashi tuangalie, nyimbo zake sio zile nilizoziona kwenye ya kwangu, muvi ile ile, watu wale wale. Mwenye laiblari ananiambia mi ndo nimeuziwa feki. Kweli? – Fundi, Buguruni

Fundi hujauziwa feki, wote mko sawa. Hii muvi ina nyimbo seti mbili. Za Kitelugu na lugha zingine za kusini katunga Justin Prabhakaran. Za Kihindi wakaita watu wengine, Mithoon, Amaal Mallik na Manan Bhardwaj, ndo unakuta humo Aashiqui Aa Gayi ya Arijit Singh. Hata muziki wa nyuma hauko mmoja, kusini ni Thaman, Kihindi ni akina Balhara. Mpaka sauti ya kusimulia mwanzo wameigawa, Kihindi kasoma Amitabh Bachchan mwenyewe, Kitelugu kasoma Rajamouli, yule aliyetengeneza Baahubali.

Wafanyabiashara wanaita akili, kila soko lipate ladha yake. Mi kama mtazamaji sijaipenda. Kwenye muvi ya mapenzi wimbo ndo unabeba kazi ambayo mazungumzo yameshindwa, sasa ukibadilisha wimbo umebadilisha na mapenzi yenyewe. Kuna sehemu kwenye ya Kitelugu unaona kabisa picha na muziki vimelala kitanda kimoja, kwenye ya Kihindi unasikia wimbo mzuri, mzuri kweli, lakini ungeweza kuuweka kwenye muvi nyingine yoyote na hakuna ambaye angestuka. Ukiweza chukua ya Kitelugu na subtaito. Ilipotoka 2022 Amazon Prime waliweka ya Kitelugu, Netflix ya Kihindi.

Kumbe kuna watu Tabata na Buguruni wanabishana wakati hawajaangalia kitu kimoja.

Habari anko, mimi mwanafunzi wa chuo. Swali langu sio la muvi sana. Je kusoma viganja ni sayansi? Maana kwenye ile muvi mzee mmoja anasema ni sayansi na daktari anashindwa kubisha. Nyumbani wanasema ni shirki. – Mwanafunzi, Changanyikoni

Mambo ya shirki waulize wanaojua dini, safu hii ni ya muvi. Sayansi hakuna, hakuna aliyethibitisha kwamba mstari wa kiganjani unajua utaoa lini. Ila watu wa Dar tusijifanye tunashangaa mambo haya, mji huu tumeishi na mnajimu Sheikh Yahya Hussein mpaka alipofariki 2011, watu walikuwa wanasubiri utabiri wake wa mwaka kama wanasubiri bajeti. Asiyeamini naye anasoma, anasema nasoma tu kujifurahisha. Ndo maana nashangaa hii muvi haikuwashika watu wa hapa zaidi ya ilivyowashika.

Yule mzee unayemsema, kwenye ya Kitelugu ni Krishnam Raju, kacheza mwalimu wa Vikramaditya, na nje ya muvi alikuwa baba mkubwa wa Prabhas kabisa. Alifariki Septemba 2022, hiyo ikawa muvi yake ya mwisho, na mi nikimuangalia pale namuona ndo mtu pekee mwenye uzito, akikaa kimya unamsikiliza. Anasema elimu ya viganja ni asilimia 99, ile moja iliyobaki ni ya watu wanaojiandikia wenyewe. Mstari mzuri. Lakini ukishausikia umeshajua mwisho, yaani muvi imekupa majibu ya mtihani mlangoni.

Kuna binti mmoja humo mlenga mishale, anataka kuwa bingwa, Vikramaditya anamsoma anamwambia michezo haimo mkononi mwako, shika masomo. Baadaye binti anapata ajali ya treni anapoteza mkono. Sasa mtu ambaye kiganja chenyewe hakipo utamsoma wapi? Hilo swali peke yake lina muvi nzima ndani yake, na wao wameligusa wakaondoka haraka kurudi kwenye makoti na meli. Nilikasirika pale.

Na nyingine hii, we msomi utaielewa. Daktari naye anasoma viganja! Nenda hospitali yoyote, mgonjwa akikaa tu daktari anamgeuza mkono aangalie kiganja, kikiwa cheupe anawaza upungufu wa damu, anaangalia na kucha. Kuna hata mstari mmoja unaokatiza kiganja kizima ambao madaktari wanaujua, unaonekana zaidi kwa watoto wenye Down syndrome japo na watu wasio na tatizo lolote wanao. Kwa hiyo umempata mwanaume anayesoma viganja na mwanamke anayesoma viganja, kila mmoja kwa elimu yake, mgonjwa ni yeye mwanamke. Wakae meza moja waoneshane. "Wewe hapa unaona nini?" "Naona miaka 80." "Mi naona damu haitoshi." Hapo ndo penzi lilikuwa, bure, halihitaji hata seti. Walioandika hawakuliona.

Shoga yangu kanambia nikuandikie. Mi nafanya kazi saluni, tunaangalia za DJ zilizotafsiriwa. Hii ya Radhe Shyam wote tulisinzia, ila za mapigano hatusinzii. Kwa nini? – Msusi, Kinondoni

Dada yangu, hili swali ni zuri kuliko yote, na hata silaumu hiyo saluni.

Muvi za kutafsiriwa nazipenda, zimewafundisha watu wengi muvi za Kihindi kuliko ukumbi wowote wa Mlimani City, na vibanda umiza bila DJ vingeshafungwa. Lakini DJ kazi yake ni kuongea. Akinyamaza sekunde kumi anaona kama anawaibia wateja. Kwenye ngumi hamna noma, jamaa anarushwa, DJ anasema "hapo ndo kavunjwa mbavu", wote mnacheka, muvi inazidi kunoga. Sasa njoo kwenye mapenzi. Kuna pale Prerana na Vikramaditya wameangaliana, hakuna neno, kimya, violin kwa mbali. Hicho kimya ndo kitu chenyewe mlichokilipia. DJ anaingia "huyu mwanaume anamwambia moyoni mwake mpenzi wangu wewe ni asali", kumbe hajasema kitu na wala hakutaka kusema. Imeisha hiyo.

Na kwa hii muvi hasa inauma mara mbili, kwa sababu maneno ndo udhaifu wake na ukimya na picha ndo nguvu yake. DJ anafunika kile kizuri anaongeza kile kibaya. Tena kwenye saluni kuna drayer inaunguruma. Mngefanyaje msisinzie?

Jaribuni siku moja wateja wakipungua, wekeni yenye subtaito, zimeni drayer. Kama bado mnasinzia basi ni muvi.

Anko salamu. Mimi ni mzee wa Ilala, nimestaafu. Wajukuu wameniwekea hiyo picha mnayoisema. Sisi tumeangalia picha za Kihindi Empire, Avalon, na Drive-In kule Msasani kabla hapajawa Ubalozi wa Marekani. Raj Kapoor hakuwa na kompyuta na tulilia. Siku hizi kila mpenzi lazima awe na kansa ndipo tumuonee huruma? – Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Awaara ya 1951 sitaigusa mbele yako, naogopa fimbo.

Ila ugonjwa kwenye mapenzi haujaanza jana mzee, Watelugu wenyewe wanayo yao ya 1989 inaitwa Geethanjali, kaiongoza Mani Ratnam, kacheza Nagarjuna. Mle wote wawili wanaumwa, kijana na binti, wote wanajua. Na bado muvi inachekesha! Yule binti ni mtundu, anasumbua watu mpaka unasahau anaumwa, ukikumbuka ndo inakuuma. Ukungu wa milimani, muziki wa Ilaiyaraaja, imeisha. Wajukuu wakutafutie hiyo.

Tofauti yake na hii ni kwamba kule ugonjwa unawabana wahusika kila siku, wakila, wakitembea. Humu ugonjwa unaletwa pale stori inapopungua kasi, mara tunaambiwa ana miezi michache, mara tunasahau, mara meli inapigwa na bahari na mawimbi marefu kama ghorofa za Posta. Mtu anaumwa tayari, bahari ya nini tena? Wameona mapenzi peke yake hayatoshi kujaza skrini, wakaogopa, wakaita mafuriko. Ukilinganisha na treni ya mwanzo, treni ilikuwa inatisha zaidi na hakuna aliyelowa.

Mwisho wenyewe siusemi, kuna watu hawajaona. Ila nakubaliana na wewe mzee, na sio kwa sababu ya umri wako.

Kaka, nataka niangalie na mchumba wangu muvi moja ya Kitelugu ya mapenzi, moja tu, nisiaibike. Niweke hiyo Radhe Shyam? – Sina Jina, Kigamboni

Usiweke hiyo kama ni ya kwanza. Weka Sita Ramam. Imetoka mwaka ule ule, Agosti 2022, kaongoza Hanu Raghavapudi, wamo Dulquer Salmaan na Mrunal Thakur, na bajeti iliyotajwa ilikuwa kama crore 30, yaani kama sehemu moja ya kumi ya ile nyingine. Mwanajeshi yatima yuko mpakani Kashmir, hana ndugu, redioni watu wanaombwa wamwandikie barua, zinamiminika, moja inatoka kwa mwanamke anayejiita mke wake. Yeye hana mke. Basi, shika hapo hapo, sikuongezei.

Ona walivyofanya. Na wao wana milima, wana theluji, wana nguo za zamani, nyimbo za Vishal Chandrasekhar zinakaa kichwani, lakini kwanza wametupa barua. Unamjua Sita kwa jinsi anavyoandika kabla hujaiona sura yake, ana utani, ana hasira kidogo, kwa hiyo akitokea tayari unamtaka huyo huyo na sio mrembo yeyote tu. Na wana kizuizi cha kweli, nani anaruhusiwa kumpenda nani, vita, mpaka, dini. Kasoro inazo, kipande cha kijeshi kuelekea mwisho kinakimbizwa, na yule msichana wa 1985 anayeipeleka barua, Rashmika Mandanna, mwanzoni anakera mpaka unataka kumtoa kwenye skrini. Vumilia, ana sababu.

Baada ya hapo siku nyingine ndo mwekee Radhe Shyam, kwa ajili ya picha na nyimbo, tena kwenye TV kubwa maana kwenye simu inapoteza nusu ya thamani. Sita Ramam ni zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo kama mchumba anavuka na pantoni usianze kuchelewa, na hakikisha kopi yako ina subtaito kabla hajafika, sio mnaanza kutafuta na popcorn zimeshapoa.